Siri Yako ya Leo Inangojewa na Mashine ya Kesho

Manze, neno "kwantamu" limeteswa vya kutosha. Ukifungua simu unakutana na kocha wa maisha anakuuzia nishati ya kwantamu ya kuvuta pesa. Ukimruka huyo, kuna mwingine ana bangili ya kwantamu ya kutoa maumivu ya mgongo. Halafu anakuja msee wa foreksi na roboti yake ya kwantamu ambayo ati haijawahi kupoteza hata siku moja. (Kama haijawahi kupoteza, mbona anahitaji elfu tano zako?)

Hakuna hata moja ya hizo inayojuana na fizikia. Lakini kinachoniudhi zaidi si pesa mnazoliwa. Ni kwamba wakati tunauziwa bangili, kuna stori ya kwantamu ya ukweli inayotuhusu sisi kabisa, sisi wa simu mkononi kutwa kucha, na hakuna mtu anatuambia. Stori yenyewe ni ya kufuli. Kufuli ambazo zinalinda karibu kila kitu unachotuma kwa intaneti zina tarehe ya kuisha, na hakuna anayeijua hiyo tarehe. Kufuli mpya tayari ziko, tena za bure. Swali langu ni nani atazipata na nani atabaki nje. Na nikiangalia venye mambo huenda hapa kwetu, najua ni nani kawaida hubaki nje.

Tuanze na kufuli. Ukifungua programu ya benki ama ukituma meseji, kabla ya kitu chochote kupita, simu yako na kompyuta ya upande ule mwingine hukubaliana ufunguo wa siri. Shida ni kwamba wanakubaliana hadharani, kwa njia ambayo mtu mwingine anaweza kukaa katikati na kusikiliza kila kitu. Kinachowaokoa ni hesabu ambayo ni rahisi kwenda na ngumu kurudi.

Chukua 53 na 61. Zote ni namba tasa, hazigawanyiki na kitu ila moja na zenyewe. Zidisha, unapata 3,233. Hiyo hata kwa simu ya kabambe unafanya. Sasa mtu akupe 3,233 peke yake, akuulize ilitoka kwa namba gani mbili. Utakaa hapo kidogo. Mwaka wa 1977 wasee watatu wa MIT, Rivest, Shamir na Adleman, walichukua hiyo tofauti kati ya kwenda na kurudi wakaifanya kufuli, ikaitwa RSA. Namba inayotumika sana leo ina tarakimu 617. Kurudi kutoka kwa namba kama hiyo kwa kompyuta za kawaida, hata ukizikusanya kwa maelfu, si kazi itakayoisha ukiwa hai. Kuna kufuli nyingine ya hesabu za mikunjo ambayo simu nyingi hutumia siku hizi kwa sababu ni nyepesi, lakini kwa hii stori weka zote mbili kwa kapu moja, juu zinaanguka kwa mbinu ya ukoo mmoja.

Mbinu hiyo ilitoka 1994. Peter Shor, mtaalamu wa hesabu aliyekuwa Bell Labs kule Marekani, alionyesha kwamba hilo swali la namba mbili unaweza kuligeuza liwe swali la mdundo. Ngoja nikuonyeshe, haichukui dakika.

Chukua 15. Anza na 2, endelea kuzidisha kwa 2, na kila ukipita 15 bakisha tu salio baada ya kugawa kwa 15. Unapata 2, 4, 8, 1, halafu tena 2, 4, 8, 1, halafu tena. Mdundo unarudi kila hatua 4. Nusu ya 4 ni 2. Sasa 2 mara 2 ni 4. Toa moja, unapata 3. Ongeza moja, unapata 5. Na 3 mara 5 ni 15. Umevunja namba bila kubahatisha, kwa kusikiliza mdundo tu.

Kwa namba ya tarakimu 617 mdundo ni mrefu kiasi kwamba kompyuta ya kawaida haiwezi kuusikia. Kompyuta ya kwantamu inaweza, na hapa ndipo wauza bangili huwa wanawapoteza watu. Utasikia ati kompyuta ya kwantamu inajaribu majibu yote kwa wakati mmoja. Hiyo ni nusu ya ukweli, na nusu mbaya. Kyubiti, ile chembe ya kuhifadhi habari ndani yake, inaweza kushika mchanganyiko wa 0 na 1. Kyubiti nyingi zikifungamana zinashika mchanganyiko wa namba nyingi ajabu. Lakini ukizipima, zinakupa jibu moja pekee, na kama hujafanya ujanja wowote hilo jibu ni la bahati nasibu. Ujanja uko kwa mawimbi. Unajua zile spika ndogo za masikioni zinazozima kelele za matatu? Zinatoa wimbi lililo kinyume cha kelele, mawili yanakutana, yanauana. Shor alipanga hesabu yake hivyo: majibu mabaya yauane, jibu la mdundo libaki limesimama. Ndiyo maana kompyuta ya kwantamu haitafanya kila kitu kiwe haraka. Haitaharakisha video zako, haitakufanyia asainmenti. Ni hodari kwa maswali machache yenye umbo fulani, na bahati mbaya kufuli zetu ni moja ya hayo machache.

Sasa mbona hatujavunjwa tangu 1994? Juu kyubiti ni vitu vyororo sana. Joto kidogo au mtikisiko mdogo unatosha kuzifanya zisahau kila kitu. Zile za Google na IBM hukaa ndani ya jokofu lenye baridi kushinda anga za mbali, sehemu ndogo tu ya digrii moja juu ya baridi kuu kabisa. Hata kufikia kuamini kwamba saketi ya umeme ya kushikika mkononi inaweza kufuata sheria za kwantamu ilikuwa kazi. John Clarke, Michel Devoret na John Martinis walionyesha hivyo kwa majaribio yao pale Berkeley miaka ya 1984 na 1985, na Nobel ya fizikia wakaipata 2025. Miaka 40 wakingoja. Wewe unalia meseji yako haijajibiwa tangu jana.

Desemba 2024 Google walitoa chipu yao ya Willow, kyubiti 105. Habari zote zikakimbilia kitu kimoja: ati imefanya kwa chini ya dakika tano hesabu ambayo kompyuta kubwa ingehitaji miaka mingi kuliko umri wa ulimwengu. Mimi hiyo sikuishughulikia sana. Hesabu yenyewe ilichaguliwa kwa sababu ni ngumu, haina kazi nyingine. Tena 2019 waliringa hivyo hivyo na chipu ya kyubiti 53, wakasema miaka 10,000, IBM wakajibu kwamba ingewezekana kwa siku mbili na nusu. Habari kubwa ya Willow ilikuwa chini ya hiyo kelele. Walichukua kyubiti nyingi mbovu wakazifunga pamoja ziwe moja nzuri, na kila walipoongeza ukubwa wa hilo fungu, makosa yalipungua karibu nusu. Kwa miaka mingi ilikuwa kinyume: ukiongeza kyubiti unaongeza makosa. Hiyo ndiyo ilinifanya nikae wima.

Kuna namba nyingine ndogo ambayo haikupata kelele mtaani. Mwaka wa 2019 Craig Gidney na Martin Ekerå walipiga hesabu wakasema kuvunja ile RSA ya tarakimu 617 kungehitaji kyubiti milioni 20 kwa saa 8. Mei 2025 Gidney, ambaye yuko Google, akarudi na hesabu mpya: chini ya milioni moja, kwa muda usiofika wiki. Mashine haikuwa imekua mara ishirini. Ni watu walikaa chini na kalamu wakapata njia fupi. Bado 105 na milioni moja haviko mtaa mmoja, kwa hivyo yeyote anayekuambia WhatsApp itafunguliwa mwaka ujao anakutisha bure. Lakini umbali unapungua kutoka pande zote mbili: mashine inapanda, na mahitaji yanashuka.

"Sawa, basi tutabadilisha kufuli siku hiyo ikifika." Hili jibu nimelisikia mara nyingi na ndilo limenifanya niandike.

Haifanyi kazi hivyo, msee wangu. Mtu hahitaji kuwa na ufunguo leo ndio akuibie leo. Anaweza kurekodi sasa kile kilichofungwa, akiweke stoo, angoje mashine ifike. Stoo ni bei rahisi. Na kurekodi si hadithi ya sinema. Nyaraka alizotoa Edward Snowden 2013 zilionyesha Uingereza ikivuna data kutoka kwa nyaya za baharini. Mwaka uliofuata, The Intercept, wakitumia nyaraka hizo hizo, waliitaja Kenya kati ya nchi ambazo shirika la ujasusi la Marekani lilikuwa linakusanya rekodi za simu, yaani nani alimpigia nani na saa ngapi. Sehemu kubwa ya intaneti yetu huingia na kutoka kwa nyaya chache zinazotua Mombasa. Sisemi kuna mtu ana jalada lako. Nasema njia inajulikana na wenye uwezo wanajulikana.

Mtaalamu mmoja wa Canada, Michele Mosca, ana hesabu rahisi ya kupima kama una shida. Chukua miaka ambayo siri yako inafaa kubaki siri. Ongeza miaka itakayochukua kubadilisha kufuli. Kama jumla inazidi miaka iliyobaki kabla ya mashine kufika, umechelewa tayari.

Hebu jipime. PIN yako? Hiyo unabadilisha kesho, hakuna noma. Salio la pesa kwa simu? Mwaka wa 2040 nani atajali kwamba ulikuwa na mia mbili. Lakini majibu ya kipimo chako cha VVU? Alama za vidole, ambazo huwezi kubadilisha hata ufanye nini? DNA, ambayo si yako peke yako, ni ya ndugu zako na ya watoto ambao hata hujawapata? Ukiwa na miaka 19, hizo siri zinahitaji kudumu miaka sitini. Weka sitini kwa hesabu ya Mosca uone.

Na fikiria grupu zetu za Juni 2024. Mipango, majina, nani alichanga ngapi, nani alilala kwa nani baada ya ile siku ya Bunge. Wengi tuliamini kufuli, na kwa siku hiyo tulikuwa sawa kuamini. Lakini serikali hubadilika, na kitu ambacho leo ni haki yako kinaweza kuwa kesi ukiwa na miaka 40 na watoto wawili. Siri ya kisiasa huwa haizeeki haraka.

Sasa sehemu nzuri, na ndiyo hunifanya nikasirike zaidi, kwa sababu dawa iko. Na haihitaji Kenya kununua kompyuta ya kwantamu wala kujenga maabara ya mabilioni. Mwaka wa 2016 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitangaza shindano kwa dunia yote: leteni hesabu ambayo hata kompyuta ya kwantamu haijui kuirudisha. Mapendekezo 82 yakaja. Kisha watu wakapewa ruhusa ya kuyapiga mawe hadharani, miaka nenda rudi. Na mengine yalianguka vibaya. Mwaka wa 2022 moja lililoitwa SIKE, ambalo lilikuwa limefika mbali kabisa, lilivunjwa na Wouter Castryck na Thomas Decru wa chuo cha Leuven kule Ubelgiji. Hawakutumia kwantamu yoyote. Walitumia kompyuta ya kawaida, kwa kama saa moja. Mimi hiyo naipenda sana. Kufuli yoyote inayouzwa kwa kuambiwa tu "iamini" haifai, lete mbele ya watu ipigwe.

Agosti 2024 walizobaki nazo zikatoka rasmi, tatu. Ile ya kukubaliana ufunguo hutumia kitu kama wavu wa nukta. Kwa karatasi, nukta zikiwa zimepangwa kwa mistari, kupata ile iliyo karibu na kidole chako ni rahisi. Fanya hivyo kwa wavu wenye mamia ya pande, halafu tikisa kidogo kila kipimo, na hakuna anayejua njia fupi, awe na kwantamu ama asiwe nayo. Inakimbia kwa simu ya kawaida. Iko wazi, yeyote anaweza kuisoma na kuitumia bila kulipa. Signal waliweka ulinzi wa aina hii Septemba 2023. Apple waliweka kwa iMessage mwaka wa 2024. Rasimu ya NIST inataka RSA na ukoo wake zianze kuachwa baada ya 2030, na kufikia 2035 zisiruhusiwe kabisa.

(Kuna pia njia ya kulinda siri kwa fizikia yenyewe, chembe za mwanga kutoka kwa setilaiti. Machi 2025 China na Chuo Kikuu cha Stellenbosch cha Afrika Kusini walionyesha wamefanya hivyo kati ya Beijing na Stellenbosch, kilomita 12,900. Ni kazi safi na heshima kwao. Lakini haitafika kwa simu yako ukiwa Githurai, kwa hivyo tuendelee.)

Hapa ndipo naona ubaguzi unaingia polepole bila mtu kuuita jina. Huo ulinzi wa iMessage ulikuja na iOS 17.4. iPhone X haikupewa iOS 17. Sasa tembea Luthuli Avenue uone ni simu gani zinauzwa kwa bei ambayo mwanafunzi wa chuo anaweza. Simu za mitumba, ambazo kampuni iliziacha zamani, na zile mpya za bei ya chini ambazo masasisho huja mara moja moja kisha yananyamaza. Na mawasiliano ni ya watu wawili: wewe ukiwa na kufuli mpya na rafiki yako akiwa na ya zamani, mnaongea kwa ile ya zamani. Kwa hivyo usalama wa msee wa Kilimani unategemea simu ya binamu yake wa Kayole, apende asipende.

Kuna mtu ataniambia shida zetu ni za chini kuliko hizo. Ukiingia jengo lolote mjini askari wa mlangoni anaandika namba yako ya kitambulisho kwa kitabu, na hicho kitabu hakihitaji mashine yoyote kukifungua. Wengi wetu tunaibiwa kwa simu moja ya mkora anayejifanya customer care. Kweli kabisa, na hizo zikomeshwe leo. Lakini mkora hukuibia wewe, siku moja, kitu unachoweza kupata tena. Anayevuna nyaya huvuna mji mzima kwa mpigo, na anachovuna ni vile vitu visivyobadilika. Tena kubadilisha kufuli ni kazi ya muda mrefu: kupata viwango peke yake kulichukua miaka minane, hata kabla benki au hospitali moja haijagusa mfumo wake. Ukingoja hadi shida ndogo ziishe ndio uanze, hesabu ya Mosca inakuacha nje.

Na tusijifanye hii ni stori ya Wazungu. Umoja wa Mataifa ulitangaza 2025 kuwa mwaka wa kimataifa wa sayansi ya kwantamu, miaka 100 tangu Werner Heisenberg aandike ile kazi yake ya kwanza. Nchi iliyopeleka pendekezo hilo rasmi ni Ghana. Sisi tunawajua kwa jollof na mpira.

Kitu cha kufanya kiko, na sheria iko upande wako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kujua data yako inatumiwa vipi. Inamtaka anayeishika aweke ulinzi wa kiufundi unaofaa, na asikae nayo muda mrefu kuliko inavyohitajika. Kwa hivyo muulize. Kliniki, chuo, benki, programu ya mikopo iliyokupiga picha ya uso. Maswali mawili tu: data yangu mtakaa nayo miaka mingapi, na mna mpango gani wa kuhamia kufuli zisizovunjwa na kompyuta ya kwantamu, kufikia mwaka gani? La kwanza ndilo kali zaidi, juu data iliyofutwa kabla haijasafiri haina mtu wa kuivuna.

Mimi nimeandikia sehemu tatu zinazoshika data yangu, sitazitaja. Moja imenyamaza. Ya pili imenitumia kiungo cha kubadilisha nenosiri. Ya tatu alinipigia kijana wa IT, akacheka kidogo, akasema hilo swali hajawahi kuulizwa na mteja, halafu akaniomba nimtumie jina la zile kufuli tatu kwa meseji. Nimemtumia: ML-KEM, ML-DSA, SLH-DSA. Uliza na wewe, unitumie majibu. Nitayaweka hapa, ya wote, hata ya wale watakaonyamaza.